Wape bahari waipime

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata. Waniuliza hao vijana wako wa Wete, Pemba, na wenzao wa Helsinki, Finland, uwaanzishe na kazi gani ya pamoja. Usiwaanzishe na video. Wakishaulizana majina na timu za mpira, wiki ya pili ni kimya. Wape kazi ambayo upande mmoja peke yake hauimalizi: wapime bahari.

Kila kundi watu wanne, wawili huku, wawili kule. Kamba ya mita 6, alama ya rangi kila sentimita 10, bildi (kizito cha kuvuta kamba chini) mwishoni. Wapimie gatini, si ufukweni, maana maji yakipwa ufukweni hakuna cha kupima. Wanashusha kamba toka ukingoni mpaka bildi iguse maji. Hapo ndipo wanapobabaika: maji yakijaa nambari inapungua, na utaletewa michoro iliyopinduka. Tena kila gati lina kimo chake, kwa hiyo kinacholinganishwa ni tofauti ya kujaa na kupwa kwa siku ile tu.

Siku zifuate mwezi, si kalenda ya ukutani: tarehe 2 na 16 za mwezi mwandamo kwa bamvu (maji yanapojaa na kupwa sana), 9 na 23 kwa maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Siku hizo vipimo ni kiasi cha saa nne asubuhi na saa kumi, kwa hiyo omba ruhusa shuleni mapema. Katika daftari waandike 10:00 na 16:00. Mtoto wa Helsinki akisoma "saa 4" ataelewa alfajiri.

Anza katikati ya Septemba, bamvu ni kubwa, umalize kabla ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mpaka siku hiyo saa zetu na za Finland ni sawa, kisha wao wanarudi nyuma saa moja na vikao vinapishana.

Huku bamvu hufika karibu mita 4. Bahari yao ya Baltiki mwezi huitikisa sentimita chache tu. Kinachoipandisha ni upepo na mgandamizo wa hewa. Usiwaambie! Waache wa Wete wawashuku wenzao kwamba hawapimi, wabishane mpaka waulizane kuhusu upepo.

Kundi la WhatsApp usiwafungulie, linaonesha nambari za simu za watoto wote. Warikodi sauti, wewe na mwalimu wa kule ndio mtume. Bando halitaumia kama kwa video.

Barua ya wazazi nioneshe kabla hujaipeleka. Itaje kwamba asiyejua kuogelea ataandika daftari, kamba atashika mwengine.

Wasalaam,
Shoga yako