Tunamkumbuka binti wa kambi

Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke binti aliyefariki mwezi uliopita. Alikuja kambi yetu ya likizo ya Juni akiwa mtoto mtundu wa darasa la tano. Akarudi akiwa mwanachuo, kufundisha sayansi kwa kujitolea. Hata nauli ya daladala hakudai. Aliwapeleka watoto kwenye mikoko ya Kunduchi, akawaambia walambe jani la mchu: chumvi tupu, maana mti huo huitoa kupitia majani. Juisi ya rozela aliitia magadi ikageuka kijani, watoto wakapiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kulikoni. Vifaa alinunua mwenyewe Kariakoo. Wenye maduka ya vifaa vya maabara, mpo? Desemba watoto watakuja, na hadubini hatuna.

Mzazi,
Tegeta, Dar es Salaam