Msimpe yule wakala bangili za mama

Magdeburg, Jumanne usiku

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Natumai nyote mu wazima: mama na presha yake, watoto, na yule mzee wa Likoni aliyekuwa hawezi. Mimi sijambo, alhamdulillahi, baridi tu ndiyo haijatuachia. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na radhi nitakuomba vizuri siku nyingine. Leo niache niingie kwenye jambo lenyewe, maana tangu nisikilize ujumbe wako wa sauti usingizi umeniruka.

Mwanaisha, nakuomba, msimpe yule wakala bangili za mama.

Nimekusikiliza mara tatu. Laki tatu na nusu, zilipwe kabla ya Ijumaa, naye amtafutie kijana wetu Bakari nafasi ya uhandisi katika chuo cha huku Ujerumani, "iliyolipiwa ada yote". Ada ipi, dada? Huku kwenye jimbo letu la Sachsen-Anhalt vyuo vya serikali havimtozi mtu ada ya masomo, awe Mjerumani awe mtu wa Kwale. Liko jimbo la Baden-Württemberg linalowatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kutoza. Lakini sehemu nyingi unalipa mchango wa muhula tu, na mara nyingi humo humo mna tiketi ya treni na mabasi. Huyo mtu anawauzia kitu kinachotolewa bure!

Halafu elfu arubaini za "kutafsiri vyeti". Cheti cha KCSE, kile cha kumaliza sekondari, kimeandikwa Kiingereza, na vyuo vingi hukipokea hivyo hivyo. Na hayo maombi anayosema ni kazi ya wataalamu hupitia uni-assist kule Berlin, ndio wanaovikagua vyeti vya watu wa nje kwa niaba ya vyuo. Chuo cha kwanza ni euro 75, kila kinachofuata katika muhula huo huo ni euro 30. Bakari mwenyewe anaweza kujaza zile fomu akiwa amekaa barazani, mimi nikiwa naye kwenye simu.

Kilichoniuma zaidi ni alichokificha. Kwa KCSE peke yake Bakari haingii mwaka wa kwanza moja kwa moja. Lazima apite Studienkolleg, mwaka mmoja wa kujiandaa. Wa uhandisi huchukua T-Kurs: hesabu, fizikia, Kijerumani, na mengine. Mwishoni kuna mtihani unaoitwa Feststellungsprüfung, na alama zake ndizo unazoendea kuomba chuo. Mimi nilisomea Köthen, mji mdogo, Jumapili husikii hata baiskeli. Mwaka ule ndio ulionifanya nikaweza kukaa darasani leo, wala sijutii hata siku moja. Na hata kuingia huko Studienkolleg kuna mtihani, wa hesabu na wa Kijerumani.

Hapo kwenye Kijerumani ndipo nataka unisikilize. Umesema Bakari hana haja ya kozi kwa sababu Diani anazungumza na watalii siku nzima. Najua, nimemsikia, ulimi anao na mola amzidishie. Ila karatasi niliyoikuta mimi mezani siku ya mtihani huo ilikuwa habari fupi iliyokatwa maneno mikia. Ni kama mtu akuandikie "mwal… alii… dara…" nawe ujaze herufi zote zilizopotea, bila kukosea hata moja, dakika zinakwenda. Kijerumani cha ufuoni kinaomba radhi kwa tabasamu, na karatasi haioni tabasamu. Anahitaji Kijerumani cha ngazi ya B1 au B2 kutegemea mahali, na kozi yenyewe ya chuo, ikiwa ni ya Kijerumani, itamtaka ngazi ya juu zaidi, C1, au mtihani wa Kijerumani uitwao TestDaF wenye alama 4 katika sehemu zote nne. Hizo bangili, kama ni lazima ziende, basi ziende kwa mwalimu wa lugha. Lakini hata huko naona hazina haja ya kwenda zote.

Kitu kingine. Kozi nyingi za umekanika zinataka majuma kadhaa ya karakana, nyingine kabla hujaandikishwa. Mimi nilipewa kipande cha chuma kwenye jiliwa, na tupa, nikaambiwa nikisawazishe. Siku tatu! Unapiga tupa, unaweka skwea, unainua kwenye dirisha uone kama mwanga unapenya chini yake. Unapenya. Unarudi tena. Siku mwanga ulipokataa kupita nilimwita fundi kwa sauti mpaka watu wakageuka. Sasa Bakari aliyekuwa akifungua injini za mashua pale kwa Mzee Kombo angalipenda kweli. Mwambie amwombe mzee barua ya kueleza kazi aliyofanya na tarehe zake. Haigharimu kitu, na huenda ikahesabiwa.

Sasa pesa, maana hapa sitaki kukudanganya, pesa zinatakiwa. Ubalozi unataka kuona Sperrkonto, akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904 za mwaka mzima. Akifika anafunguliwa euro 992 kila mwezi, basi. Zote za mwaka ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu zetu. Wakala anasema atawaazima "za kuonyesha". Wallahi hapo ndipo nilipoogopa. Zile ndizo atakazokula na kulipia chumba na bima ya afya. Zikirudi kwa mwenyewe, kijana atakula nini mwezi wa Novemba?

Njia nyingine ipo. Mtu anayeishi huku na mwenye kipato anaweza kwenda ofisi ya wageni akatia saini kwamba atamgharamia, inaitwa Verpflichtungserklärung. Nimemfikiria mjomba Seif wa Bremen. Si saini ya mchezo, akishaiweka sheria inambana kweli, kwa hiyo hatuwezi kumrushia tu kwenye simu. Nataka nimwendee Jumamosi, nikae naye. Lakini siwezi kwenda kabla mama hajasema naye kwanza, unajua yale ya nyumba hayajapoa.

Na barua ya kukubaliwa ikija, msichinje mbuzi bado. Kuna kujiandikisha: kuthibitisha bima, kulipa ule mchango, kupeleka vyeti vya asili, vyote kabla ya siku waliyoiandika. Mwenzetu mmoja alipata nafasi akakaa akishangilia, siku ikapita, nafasi akapewa mwingine. Na ya kuomba nafasi, tarehe ya mwisho ya kushika ni 15 Julai kwa kozi nyingi zinazoanza Oktoba, na Studienkolleg nyingine hufunga mapema. Sioni mwaka huu. Naona mwakani, akisoma lugha sasa.

Je, kuna pesa yoyote ambayo wakala ameshapewa? Niambie kweli, sitagomba. Pasipoti ya Bakari amekaa nayo nani? Cheti chenyewe kimetoka shuleni au bado ana ile karatasi ya matokeo tu? Hesabu alipata A au A kasoro? Na yeye mwenyewe anataka uhandisi, au ni sisi tunaotaka? Mama anajua bei aliyotajiwa ya zile bangili? Utasema naye habari ya mjomba Seif kabla ya Jumamosi?

Nijibu hata usiku, simu naiacha wazi.

Akupendaye,
Zainabu