Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza kwa Wazazi na Walezi

Ndugu wazazi na walezi,

Bwana Yesu asifiwe, Asalaam aleikum, na poleni na shughuli za mashamba.

Tunafunga shule Ijumaa hii. Ripoti za maendeleo mtazichukua wenyewe kwa walimu wa madarasa. Safari hii hatumpi mtoto. Vyoo vya wasichana vimekamilika, ahsanteni kwa mawe na mchanga.

Sasa niseme lililonijaa moyoni muhula huu wote. Mnajua kwamba kila Jumatano jioni walimu wetu hubaki shuleni kwa ajili ya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Wapo walionipigia simu kulalamika kwamba walimu wanakaa vikao huku watoto wanazurura. Naomba mjue walichokuwa wanajifunza, kwa sababu katika miaka yangu yote ya ualimu sijaona mafunzo yaliyotugeuza namna hii.

Yalianza na jambo la aibu. Mwezi wa kwanza mwalimu wa historia alikuwa anafundisha biashara ya utumwa kidato cha pili. Alipowaonyesha picha ya msafara wa mateka waliofungwa minyororo shingoni, darasa zima liligeuka kumtazama binti mmoja, mweusi wa rangi kuliko wenzake, wakacheka. Mwalimu alikuja ofisini kwangu na chaki bado mkononi, akasema, "Mkuu, mimi nimefundisha nini pale?" Tukakubaliana kwamba somo la MEWAKA kwa muhula huu litakuwa historia ya watu weusi na usawa wa rangi darasani.

Jumatano ya kwanza mwezeshaji aligawa vikaratasi, kila mwalimu aandike majina anayowaitia wanafunzi, bila kuandika jina lake mwenyewe. Vikasomwa kwa sauti. Mweusi. Cheupe. Mkaa. Mzungu. Huyo "mzungu" ni mtoto wa Kipare kabisa, ila ni maji ya kunde, na anaitwa hivyo kwa kusifiwa. Ofisi ilikuwa kimya. Niliporudi ofisini kwangu nikatazama picha za mahafali zilizobandikwa ukutani, mwaka hadi mwaka. Mabinti wanaompokea mgeni rasmi na kumvika taji la maua, wote ni weupe weupe. Hakuna kikao kilichowahi kuamua hivyo. Tulikuwa tunawachagua tu, na mimi ndiye niliyekuwa naidhinisha majina. Nimewaomba radhi wanafunzi mstarini, na naomba radhi kwenu pia.

Wiki zilizofuata tulikwenda mbali, hadi Mississippi nchini Marekani, halafu tukajikuta tumerudi hapa hapa Same. Wengi wenu hamjui, na mimi sikujua, kwamba mmoja wa viongozi wakubwa wa harakati za haki za weusi kule alikuwa mwalimu wa hesabu katika mji wetu huu kuanzia 1969 hadi 1976. Jina lake Robert Moses, mzaliwa wa New York. Aliacha kazi ya kufundisha hesabu kule kwao akaenda Mississippi kuwaandikisha weusi wapate kupiga kura, na mwaka 1961 alipigwa hadi kutoka damu kichwani kwa sababu ya kuwasindikiza watu kwenye ofisi ya kujiandikisha. Mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa walioongoza kampeni ya kiangazi iliyofungua shule za uhuru zaidi ya 40 katika jimbo hilo, makanisani na hata chini ya miti. Mwanzoni kabisa mwa kampeni hiyo vijana watatu waliuawa. Baadaye akaja Tanzania na mkewe, akafundisha hapa. Aliporudi kwao alianzisha mwaka 1982 mradi wa kuwafundisha aljebra watoto maskini, akishikilia kwamba mtoto asiyejua hesabu anafungiwa mlango kama mtu aliyenyimwa kura.

Mwalimu wetu wa hesabu ndiye aliyeguswa kuliko wote. Mwezeshaji alieleza kwamba huko Mississippi mweusi aliyetaka kujiandikisha alipewa kifungu cha katiba ya jimbo akifafanue, na karani mwenyewe ndiye aliyeamua kama amefafanua vizuri. Mzungu alipita, mweusi akafelishwa, hata awe mwalimu. Mwalimu wetu akasimama akasema, "Na mimi huwa namuuliza mtoto swali nikiwa nimeshaamua kwamba hawezi." Tangu siku hiyo amebadili namna ya kuita wanafunzi ubaoni. Anafuata orodha ya mahudhurio, kila jina kwa zamu yake, na anasubiri jibu. Nilikaa nyuma ya darasa lake mwezi wa tano. Binti yule niliyemtaja alisimama kwenye kutafuta x karibu dakika nne, chaki ikamkatikia mara mbili, hakuna aliyecheka, na akaipata. Wazazi, nilitoka nje nikafuta machozi.

Tulisoma na ya kwetu pia. Kwamba wakati wa ukoloni shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, hadi mfumo huo ulipoondolewa Januari 1962. Na kwamba mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakaja kukaa hapa Same kupinga kodi ya kikoloni iliyoitwa mbiru, na mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakasimama. Mtoto anayezijua habari hizi hatafuti mahali pa kuficha sura yake.

Ndiyo maana lililotokea mwishoni mwa Aprili limeniuma sana. Vijana wanne wa kidato cha pili walichukua mkaa jikoni wakapaka dawati la binti yule lote, juu na chini, wakaandika ukutani "kaa kwako". Alikaa. Alisoma vipindi viwili akiwa na mikono na sketi nyeusi tii, ndipo mwalimu wa zamu akamwona. Kisha hakuja shule siku tisa. Nilimfuata nyumbani mwenyewe na mwalimu wa malezi.

Vijana hao wamesimamishwa wiki mbili, wamepaka rangi darasa zima kwa mikono yao, na wamemwomba mwenzao radhi mbele ya mstari. Hilo limekwisha. Ambalo halijaisha ni maneno niliyoambiwa na mzazi mmoja kwenye kikao: "Mkuu, huu ni utani tu." Mzazi mwenzangu, utani naujua, nimelelewa nao. Mpare na Mchaga wanataniana hata msibani, na hakuna anayerudi nyumbani analia, kwa sababu kila mmoja ana la kujibu na kesho ni zamu yake. Binti huyu angewajibu nini watu wanne? Nilipowauliza vijana neno hilo la mkaa walilitoa wapi, wawili walijibu kwamba ndivyo dada zao wanavyoitwa nyumbani. Walimu wangu wamejirekebisha hadharani, mbele ya wenzao. Nanyi nawataka mjirekebishe. Kuanzia muhula ujao mwanafunzi atakayemdhihaki mwenzake kwa rangi, kwa ualbino au kwa kumwita mtumwa, ataitwa pamoja na mzazi wake mbele ya bodi, na "utani" hautasikilizwa kama utetezi.

Hapo hapo niseme juu ya mkorogo. Matroni amekamata vikopo kumi na kimoja bwenini. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na mabinti watatu wameniambia kwamba mama zao ndio waliowanunulia. Akina mama, nawasihi, acheni.

Chakula. Kwenye mkutano wa Januari mlinyoosha mikono wenyewe mkakubali mahindi na maharage. Waliotimiza ni wachache, na watoto wao wanagawana sufuria na wa wale ambao hawajaleta hata kisado, kwa kuwa simfukuzi mtoto yeyote jikoni. Leteni kabla ya tarehe ya kufungua. Wanaowapeleka watoto milimani kuvuna tangawizi siku za masomo, majina ninayo, nimeyakabidhi kwa Afisa Elimu Kata.

Tunafungua mwezi wa saba kwa tarehe iliyoandikwa kwenye ripoti. Nywele fupi, sare kamili.

Ombi la mwisho. Kama nyumbani kuna babu au bibi aliyesimuliwa mbiru na wazazi wake, au aliyekaa darasa la hesabu la yule mwalimu kutoka Marekani miaka ile, tunamhitaji Jumatano moja ya mwezi wa saba, tutamfuata kwa bodaboda na kumrudisha. Na kama daftari lake la hesabu bado lipo, hata limeliwa na mchwa, aje nalo.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule