Kabla ya kupanga siku ya kupima watoto, ulizeni maji

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile habari yenu ya udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao, iliyosema kina mama wa Kaskazini Pemba hawana mwamko, imenishinda.

Hawana mwamko au hawana taarifa? Siku ya kupima watoto hupangwa ofisini kwa kalenda ya ukutani. Barua hutoka wilayani, humfikia sheha, mkuu wa shehia, imebaki siku moja au mbili, naye humwambia mjumbe, mjumbe akawatangazia wanaume barazani baada ya Isha. Mwenye mtoto ndiye wa mwisho kujua. Karibuni, katika shehia moja ya pwani, tarehe ikaangukia siku ya pili ya mwezi mwandamo, bamvua lenyewe, maji yanapojaa na kukauka sana! Bamvua huku maji hukauka asubuhi, na mkulima wa mwani akikosa kushuka siku hizo chache, kamba zake zitangoja bamvua jingine, wiki mbili mbele. Wataalamu wakakaa chini ya mwembe saa tatu hadi saa sita, matone ya vitamini A na dawa za minyoo vikarudi na maboksi yake, ripoti ikaandikwa: mahudhurio hafifu, mwamko mdogo. Hata mtoto wa madrasa angewaambia maji yako wapi.

Na hao wataalamu wakija, wanapima nini? Mara nyingi utepe wa rangi tatu mkononi, kisha tunasomewa takwimu za udumavu. Utepe ule unaonesha ukondefu: chini ya sentimita 11.5 ni hatari. Udumavu ni urefu kwa umri, unataka ubao na watu wawili, mmoja ashike kichwa, mwengine anyooshe magoti. Aliye chini ya miaka miwili hulazwa; ukimsimamisha anapungua kama sentimita 0.7, na wengine wanaingia kwenye hesabu ya wadumavu bure.

Mabango nayo yanasema "siku 1,000" basi, yaani tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili. Mama anataka kuambiwa kwamba miezi sita ya mwanzo ni maziwa yake tu, hata maji hapana. Kisha uji mzito usiomwagika kwenye kijiko, mara mbili hadi tatu kwa siku, ukitiwa dagaa wa kutwangwa au yai, na kuanzia miezi tisa mara tatu hadi nne. Watu wa kilimo nao waje na maelezo hayo hayo, si yao peke yao.

Dawa yake ni ndogo. Barua imfikie sheha siku kumi kabla, ukurasa mmoja, tarehe ya mwezi mwandamo kando ya ile ya kizungu. Khatibu aisome Ijumaa, mwalimu wa madrasa awape watoto wapeleke kwa mama zao. Upimaji uwe maji mafu, siku ambazo bahari haikauki sana. Pesa ya fulana za maadhimisho inunue mbao za kupimia, na matokeo yarudishwe kwa sheha, ambaye hadi leo hupeleka fomu na hapati jibu.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba