Rumba na ngoma kwenye Misa

Mwalimu, rafiki yangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Umeuliza kama kwaya yenu inaweza kupiga rumba na ngoma za asili kwenye Misa ya Jumapili bila kugombana na paroko. Inawezekana. Mwaka 1903 Papa Pius X alipiga marufuku ngoma kanisani, lakini hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, ya mwaka 1963, namba 119, inataka muziki wa asili wa watu uheshimiwe na upewe nafasi yake katika ibada. Kongo wana Misa yao iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, na humo watu wanacheza.

Kabla ya kuchagua mtindo, angalia sehemu ya Misa. Kuingia, matoleo na kutoka kuna maandamano, kwa hiyo ngoma inakaa vizuri. Nyimbo za kudumu za Misa, yaani Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo, maneno yake hayabadilishwi. Wimbo wenye neno "utukufu" ndani yake bado si Utukufu. Wimbo wa katikati ni zaburi, na beti lazima zisikike: kayamba peke yake inatosha. Kwaresima vyombo vinasindikiza sauti tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu.

Kinachoharibu zaidi ni kuazima melodia. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mtakaTIfu, BWAna, maJEshi. Ukibandika maneno hayo juu ya rumba ya Kilingala, pigo zito linaangukia "fu" na sala inageuka kelele. Tena waumini wanaujua wimbo wenyewe. Mnaimba Mtakatifu, wao wanasikia mapenzi. Chukua mwendo wa rumba, melodia tunga mwenyewe. Soma maneno kwa sauti huku unapiga makofi, weka alama panapoanguka mkazo, ndipo uandike nota.

Ngoma nayo waulize wazee ilikuwa ya nini. Maelekezo ya mwaka 1967 kuhusu muziki mtakatifu, namba 63, yanakataza vyombo ambavyo watu wanavijua kwa muziki wa kidunia tu. Kama ngoma hiyo kwenu ni ya kilabuni pekee, iache.

Sasa kinanda. Mpigaji akibonyeza biti iliyorekodiwa, mara nyingi inakwenda nne kwa nne (mapigo manne kila kipimo), wakati ngoma nyingi zetu ni sita kwa nane (mapigo sita mepesi). Waimbaji wanavutwa huku na huku, pumzi inakatika katikati ya neno, na biti haimsubiri padre. Izimeni kabisa. Kinanda kishike kodi ndefu, yaani nota kadhaa zikilia pamoja, ngoma kubwa ipige pigo la kwanza na la nne, ndogo ijibu katikati, kayamba ijaze yote sita. Hapo utaisikia Misa ikitembea!

Sebene, ile sehemu ya rumba yenye mwendo wa kasi ya kuchezea, iwekeni wimbo wa kutoka. Kwenye matoleo padre akishapokea vipaji, wimbo uelekee mwisho, kwa hiyo zoezeni kumalizia kwenye kiitikio chochote utakapotoa ishara. Na kiitikio kiwe kifupi: waumini wakishindwa kukijibu mara ya pili, kipunguze.

Nitumie nota za Mtakatifu kabla hujaanza kufundisha. Nataka kuona mkazo wa "Hosana" umeuweka wapi.

Wako katika Kristo.