Vidonda vya tumbo si pilipili tu

Mhariri,

Hapa Lamu ukishika tumbo barazani kila mtu ashakuwa daktari, wacha pilipili, wacha achari, punguza mawazo, mgonjwa anaishia kutafuna vidonge vya asidi mwaka mzima. Jamani hili lishachunguzwa zamani! Robin Warren na Barry Marshall wa kule Perth, Australia, waligundua vidonda vingi vinaletwa na bakteria, Helicobacter pylori, anayeishi tumboni humo humo maana anatoa kimeng'enya cha kupoza asidi pale alipojibanza. Wengi hawakuwaamini, basi 1984 Marshall akawanywa hao bakteria mwenyewe (mimi hata kwa pesa sithubutu), siku chache akaanza kutapika na utando wa tumbo ukawa umeshambuliwa. Nobel wakaipata 2005.

Sasa kipimo cha choo kipo, na tiba ni antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Na zile ibuprofen twameza kama njugu kila mgongo ukiuma nazo zaleta vidonda, ila hizo barazani hazitajwi.

Waulizeni wakuu wa afya, mtu wa Faza au Kiunga apimwe wapi bila kupanda boti?

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu