Barua kwa mwanangu: mchezo usio na mshahara

Mwanangu Salum,

Assalaam alaikum. Mimi huku Brussels sijambo, alhamdulillahi, ila baridi imeanza kuuma. Natumai wewe, mama yako, bibi na wadogo zako nyote hamjambo.

Juzi kwenye simu uliniuliza jambo nami nilikuwa napanda treni, nikakujibu nusu nusu. Ulitaka kujua halingi, mchezo wa magongo ninaocheza na hawa Waayalandi, unanilipa kiasi gani. Kisha ukaniambia wewe unafikiria kuiacha timu ya mtaa, kwa sababu hakuna wakala anayekuja kuwatazama na hakuna hata shilingi inayotoka. Nimeona nikuandikie kwa utulivu, maana mambo hayo mawili naona yanakwenda pamoja.

Sisi hatulipwi, Salum. Sisi ndio tunaolipa. Kila mwaka natoa ada ya uanachama, petroli ya kwenda mashindanoni tunachangishana, jezi tunafua kwa zamu. Wala usidhani ni kwa kuwa klabu yetu ni ndogo na iko ugenini. Kwao kwenyewe Ayalandi ni hivyo hivyo. Fainali ya halingi ya nchi nzima huchezwa Croke Park, Dublin, uwanja unaochukua watu zaidi ya 82,000, na wale vijana 15 kwa 15 walio uwanjani hakuna mwenye mshahara wa kucheza. Mmoja ni mwalimu, mwengine mkulima, mwengine fundi umeme, na baada ya fainali kila mtu anarudi kazini kwake. Mchezaji anachezea klabu ya kwao na jimbo lake. Hakuna anayemnunua, hakuna anayemuuza.

Chama chao cha michezo ya Kigaeli, yaani ya asili ya Kiayalandi, huitwa GAA, nacho kiliundwa tarehe 1 Novemba 1884 katika mji wa Thurles. Aliyelisimamia jambo hilo zaidi ni mwalimu mmoja, Michael Cusack. Nchi ilikuwa chini ya Waingereza, na michezo ya wenyewe ilikuwa ikififia. Tarehe 21 Novemba 1920, katika vita vya kudai uhuru, askari wa serikali ya Kiingereza waliingia Croke Park mechi ikiendelea wakapiga risasi. Wakafa watu 14, pamoja na mchezaji mmoja wa jimbo la Tipperary, Michael Hogan, ambaye jukwaa moja la uwanja ule mpaka leo lina jina lake. Nilipoambiwa hadithi hiyo nilielewa kwa nini wenzangu hapa, watu wa ofisini na wa suti, wanakuja mazoezini hata mvua ya barafu ikinyesha.

Sasa mchezo wenyewe. Kila mtu ana gongo la mbao, linamfika nyongani, na mwisho wake limetanuka likawa bapa. Mpira ni mdogo, unaenea kiganjani: ndani koki, nje ngozi iliyoshonwa mishono ya kuinuka, na ni mgumu kwelikweli. Unaruhusiwa kuupiga ukiwa chini, kuupiga ukiwa hewani, hata kuudaka kwa mkono. Usiloruhusiwa ni kuuokota chini kwa mkono. Lazima uuinue kwa gongo. Ukiwa nao mkononi unapewa hatua nne tu. Ukitaka kwenda mbali zaidi unauweka juu ya ubapa wa gongo na kukimbia nao hivyo hivyo, huku watu wanakujia kwa kasi wakitaka kukuangushia. Hilo ndilo lililonipa taabu kuliko yote kujifunza, na ndilo ninalolipenda.

Milingoti imesimama kwa umbo la H. Mpira ukipita chini ya mtambaa panya ni goli, pointi 3. Ukipita juu, katikati ya nguzo, ni pointi 1. Viwanja vyao ni vikubwa, kuanzia mita 130 kwa urefu, navyo huku havipatikani, kwa hiyo tunakodi kiwanja cha raga, ambacho milingoti yake nayo ni ya H, tunafunga nyavu kwa chini. Watu nao hawatoshi, basi barani Ulaya mara nyingi timu ni ya watu 11 badala ya 15. Mwambie mama yako asiwe na wasiwasi: kofia ngumu yenye chuma cha kukinga uso ni lazima kwa kila mchezaji tangu mwaka 2010, na mimi siivui.

Umeshangaa nimefikaje huko mimi, mtu wa Nungwi? Ni mbao zilizonifikisha. Nilikuwa natengeneza kabati nyumbani kwa mzee mmoja wa Kiayalandi, nikaona gongo limevunjika, limeegemezwa ukutani. Nikalishika tu, kwa mazoea ya kazi, nikaona nyuzi za mbao zimepinda zenyewe kufuata mkunjo wa gongo. Nikamwuliza fundi gani kaukunja ubao huu bila moto. Akacheka, akaniambia haukukunjwa. Gongo hukatwa chini kabisa ya mti wa eshi, mti wa huku Ulaya, pale shina linapoanza kutanuka kuingia mizizini, ili mkunjo uwe wa mti wenyewe na nyuzi zisikatike. Salum, unamkumbuka babu yako alivyokuwa akizunguka mashamba kutafuta tawi lililopinda lenyewe kwa ajili ya mataruma ya jahazi, na alivyokuwa akikataa ubao ulionyooka hata akipewa bure? Ni ujuzi ule ule. Nililirekebisha lile gongo kwa gundi na jiliwa, nikalizungushia ukanda wa bati kwenye ubapa, nikalipiga msasa. Wiki ile ile mzee akanipeleka kiwanjani.

Tangu hapo magongo yote ya klabu yanapitia mikononi mwangu. Yanavunjika sana, na kuyapata si rahisi kama zamani, kwa sababu miti ya eshi inakufa. Kuna ugonjwa wa kuvu uliokwisha kuenea Ulaya nzima, na Ayalandi ulionekana mwaka 2012. Wengine sasa wanatumia magongo ya mianzi. Nimelijaribu moja. Ni zuri, jepesi, lakini sauti yake linapokutana na mpira si ile.

Ulisema pia kwamba mchezo wa watu wengine ni wa wenyewe, mgeni hana nafasi. Mimi sijawahi kuambiwa hivyo kiwanjani. Katika timu yetu kuna Wabelgiji na Wafaransa, na huko Bretagne na Galicia kuna klabu za kandanda ya Kigaeli, mchezo mwengine wa chama hicho hicho, ambazo wachezaji wake wengi ni wenyeji wa hapo hapo. Mwaka 2005 nahodha wa jimbo la Cork aliyenyanyua kombe la halingi Croke Park alikuwa Seán Óg Ó hAilpín, aliyezaliwa Fiji, mama yake mtu wa kisiwa cha Rotuma. Akatoa hotuba yake kwa Kiayalandi, mbele ya uwanja mzima. Baada ya mechi wenzangu huenda baa, nami huenda nao nikanywa chai, na hakuna aliyewahi kunilazimisha kunywa kitu kingine. Mwezi wa Ramadhani mimi huja mazoezini nikakaa pembeni na magongo yangu ya kutengeneza, na kocha hupanga muda ili niwahi kufuturu.

Ningekuwa nalipwa, wangenitafuta wakati wanaponihitaji tu. Hapa nani angeleta nyavu? Nani angeendesha gari alfajiri kwenda Luxembourg kucheza mechi tatu fupi na kurudi usiku? Ni sisi sisi. Asiyekuja, pengo lake linaonekana, na mimi nilipofika mji huu nilikuwa mtu ambaye pengo lake halionekani na yeyote. Hilo ndilo nililolipwa, na nakwambia kwa dhati, lilinishika nisianguke miezi ile ya mwanzo.

Kwa hiyo kuhusu timu yako: nakuomba usiiache mwaka huu. Kama wakala haji, asije. Nani anafunga nyavu za kwenu, nani anaweka mpira, nani anawafuata wadogo walioacha kuja mazoezini? Kama hakuna, ifanye kazi hiyo wewe, kisha tutazungumza tena baada ya ligi ya mtaa kwisha, na ukiwa bado unataka kuacha sitakuzuia.

Jambo la mwisho. Simama wima bila viatu, mwambie mama yako akupime kwa futi ya kushonea kuanzia mfupa wa nyonga mpaka sakafuni, kisha unitumie kipimo. Nina ubao mmoja wa eshi nimeuweka ukauke, nyuzi zake nzuri. Ami yako anakuja huko mwezi wa Disemba, nitampa gongo na mipira miwili. Msicheze karibu na madirisha ya bibi.

Wasalimie wote nyumbani.

Wasalaam,
Baba yako